Mashine ikikosea, mdhamini ni nani?

Wanazuoni wa fiqhi walipoandika juu ya utabibu waliipa dhamana nafasi kubwa. Msingi wao ni hadithi waliyoipokea Abu Dawud, An-Nasai na Ibn Majah, ambayo maana yake ni kuwa mtu anayejitia utabibu hali hakujulikana kabla ya hapo kuwa ni tabibu, atabeba fidia ya madhara atakayoyasababisha. Kutokana na hadithi hiyo wakatofautisha hali za watu. Yuko tabibu anayeijua kazi yake, akapewa idhini na mgonjwa au na walii wake, akafuata njia wanayoijua watu wa fani, kisha kadari ya Mwenyezi Mungu ikapita. Huyo hadaiwi. Yuko mjinga aliyevaa joho la ujuzi, na huyo hulipa hata kama nia yake ilikuwa njema. Kati ya wawili hao yuko tabibu mjuzi ambaye mkono wake umeteleza, kisu kikagusa pasipotakiwa. Huyu naye ana fidia, na wengi wamesema kuwa ikiwa kubwa hubebwa na aqila, yaani jamaa zake wa upande wa baba. Ibn al-Qayyim amezieleza hali hizi kwa urefu katika Zad al-Ma'ad, na asomaye Kiarabu atazikuta huko.

Tumeanza na mas'ala haya ya kale kwa sababu ndiyo yaliyotujia akilini tulipoulizwa jambo jipya kabisa. Je, kitu kisicho na ukoo wala mali, kitu ambacho hakitasimama kuhesabiwa mbele ya Mola wake, kikitoa ushauri wa dawa na ushauri huo ukaua, aitwe nani?

Kitu hicho ni akili mnemba. Wengine huiita akili bandia, na ndugu zetu wa Kenya hupenda kuiita akili unde. Sisi tutashika akili mnemba. Kwa ufupi ni programu ya kompyuta iliyolishwa maandishi au picha nyingi mno mpaka ikaweza kutoa jibu kwa jambo jipya linalofanana na yale iliyoyaona. Programu ya kusoma picha za kifua, kwa mfano, huonyeshwa maelfu ya picha za mapafu yenye kifua kikuu na mengine maelfu yasiyo nacho. Ukiiletea picha mpya inatoa alama: juu, maana yake inafanana sana na za wagonjwa, chini, haifanani. Kifua kikuu chenyewe haikijui, wala haijui kikohozi ni nini.

Mmoja wa waumini wetu, mkulima wa alizeti wilayani Ikungi, ana binti aliyemaliza kidato cha sita katika mchepuo wa fizikia, kemia na biolojia. Binti anataka kusomea udaktari. Ni miaka mitano ya chuo na mmoja wa utarajali, na hata mkopo ukipatikana familia bado itauza baadhi ya ng'ombe. Ami yake aliye Dar es Salaam amewaambia wasipoteze mali yao, kwani mtoto akifika mwaka wa sita kompyuta zitakuwa zimekwishaichukua kazi hiyo. Baba akaja kwenye ofisi ya kamati kutaka ushauri. Kwa kuwa swali hilo si lake peke yake, tumeona tulijibu hapa, ingawa jibu lake linahitaji kuzunguka kidogo.

Ami hakulizua neno hilo. Mwaka 2016 Geoffrey Hinton, mtaalamu wa Toronto ambaye mwaka 2024 alipewa tuzo ya Nobel ya fizikia, alisema hadharani kuwa vyuo viache kufundisha madaktari wa kusoma picha za mionzi, kwa sababu ndani ya miaka mitano, au pengine kumi, mashine zitawapita. Miaka mitano ilipita, na madaktari hao bado wanatafutwa na hospitali za Marekani kwenyewe. Mashine za kusoma picha zipo, tena nyingine hodari sana. Lakini yule daktari kumbe hakuwa akisoma picha tu. Alikuwa pia akiamua kama picha inahitajika, akizungumza na mpasuaji, akiikumbuka picha ya mwaka jana ya mgonjwa yuleyule, na mwisho wa yote akitia sahihi.

Sasa turudi kwetu Singida, maana hapa hoja ya ami inageuka. Katika zahanati nyingi za vijiji vyetu hapakuwa na daktari wa mionzi wa kunyang'anywa kazi. Anayetuhudumia ni tabibu wa ngazi ya cheti au stashahada, pamoja na muuguzi, nao wote tunawaita daktari kwa heshima. Mgonjwa wa kikohozi cha wiki tatu kutoka pembezoni mwa Mkalama au Itigi hupewa rufaa kwenda penye eksirei, na picha ikishapigwa huenda ikasubiri mtu wa kuisoma. Katika mazingira kama hayo mashine haimwondoi mtu kitini; inakaa kwenye kiti kitupu. Ndiyo maana mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikubali kuwa programu hizi zaweza kutumika badala ya msomaji binadamu katika kuchuja watu wa umri wa miaka 15 na zaidi kwa ajili ya kifua kikuu. Na Watanzania hawakuwa watazamaji tu katika safari hiyo, kwani picha za vifua vya wagonjwa wa Bagamoyo zilitumika kuipima programu mojawapo, na matokeo yakachapwa mwaka 2014.

Zingatieni neno kuchuja. Mashine inasema nani apimwe makohozi. Makohozi ndiyo yanayotoa hukumu. Hili Watanzania tulikwisha kulizoea bila kelele. Pale Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine, panya buku wamefundishwa kunusa makohozi, na kwa miaka mingi wamebaini wagonjwa ambao darubini iliwapita. Hatukumsikia mtu akisema panya amechukua kazi ya mtaalamu wa maabara. Panya akikwaruza, mtaalamu huthibitisha.

Kuna jambo jingine ambalo wenyeji wa Iramba watalielewa upesi kuliko mtu wa mjini. Wachimbaji wa dhahabu wa maeneo ya Sekenke na kwingineko huvuta vumbi la mawe miaka na miaka. Vumbi hilo huacha makovu kwenye mapafu, na aliyewahi kuugua kifua kikuu akapona naye hubaki na makovu. Kwenye picha makovu hayo yanaweza kufanana na ugonjwa hai, na inajulikana kuwa programu hizi hupungukiwa usahihi kwa watu waliowahi kuugua. Tabibu wa Kiomboi anayekijua Kinyiramba atamuuliza mgonjwa: Unafanya kazi gani? Umechimba miaka mingapi? Uliwahi kumeza vidonge vya miezi sita? Maswali matatu, nayo hubadilisha maana ya picha nzima. Programu inayosoma picha peke yake haiulizi hayo, na hata ile inayouliza hutegemea kujibiwa na mtu ambaye pengine anaona aibu kuitaja kazi yake.

Je, tabibu na mashine wakifanya kazi pamoja inakuwaje? Mfano wa karibu zaidi tunaoujua ni wa Nairobi. Penda Health, mtandao wa kliniki unaohudumia watu wa kipato cha chini na cha kati, ulishirikiana na kampuni ya OpenAI ya Marekani kujaribu msaidizi wa akili mnemba ndani ya mfumo ambao matabibu huandikia taarifa za wagonjwa. Tabibu anaandika kama kawaida, na programu inasoma kimya pembeni. Ikiona mambo yako sawa huonyesha kijani. Ikiwa na angalizo huonyesha njano. Ikiona hatari huonyesha nyekundu, na hapo tabibu hana budi kuisoma kabla ya kuendelea. Uamuzi, hata hivyo, hubaki kuwa wake.

Taarifa yao ya mwaka 2025 ilihusu mahudhurio 39,849 katika kliniki 15. Matabibu waliokuwa na msaidizi huyo walifanya makosa ya utambuzi wa maradhi pungufu kwa asilimia 16, na makosa ya matibabu pungufu kwa asilimia 13, kuliko wenzao wasiokuwa naye. Hayo si madogo. Msomaji azingatie, hata hivyo, kuwa mwenye kutengeneza na mwenye kutumia ndio waliounda taarifa hiyo kwa pamoja, na kwamba wagonjwa wenyewe walipoulizwa baadaye kuhusu hali zao, tofauti kati ya makundi mawili haikuwa ya kutegemewa kitakwimu. Kilichotuvutia zaidi ni jambo dogo ndani yake: kadiri siku zilivyokwenda, matabibu waliokuwa wakionywa walianza kupata nyekundu chache tangu maandishi yao ya kwanza. Maana yake walikuwa wakijifunza. Onyo la jana lilikuwa limeingia kichwani mwa tabibu, na leo hakulihitaji tena.

Laiti habari ingeishia hapo tungesema alhamdulillah tukafunga ukurasa. Lakini mwaka huohuo wa 2025 ilichapwa taarifa nyingine, kutoka Poland, katika jarida la Lancet la magonjwa ya tumbo na ini. Huko madaktari 19 wazoefu, ambao kila mmoja alikuwa amekwisha fanya uchunguzi wa utumbo mpana kwa kamera zaidi ya mara 2,000, waliletewa akili mnemba inayowaonyesha vijinyama vinavyoweza kugeuka saratani. Watafiti wakatazama uchunguzi ambao madaktari haohao waliufanya bila mashine, kabla na baada ya kuizoea. Kabla, walikuwa wakigundua vijinyama kwa asilimia 28.4 ya wagonjwa. Baada ya miezi ya kuizoea, mashine ikiwa haipo, waligundua kwa asilimia 22.4. Macho yaleyale, mikono ileile, na uzoefu wa miaka. Kitu fulani kilikuwa kimelegea.

Tumezitafakari taarifa hizi mbili kwa muda. Nairobi tabibu ndiye anayeanza: anauliza, anafikiri, anaandika, ndipo mashine inapomsahihisha. Poland mashine ilimwonyesha daktari wakati macho yake bado yanatafuta, nayo macho yakajifunza kusubiri kuonyeshwa. Hatudai kwamba tofauti hiyo inaeleza kila kitu, kwani kazi zenyewe hazifanani. Ila kila aliyepita madrasa anaijua hali hii. Mwanafunzi anayesoma mbele ya ustadhi na kurekebishwa anapokosea huhifadhi. Mwanafunzi anayesomewa kila aya kabla hajafungua kinywa hubaki na sauti ya ustadhi masikioni, na siku ustadhi akisafiri hana kitu.

Isidhaniwe kuwa tunawatetea matabibu kwa kila hali. Wao pia wana la kujibu, na hapa historia ya nchi yetu ina ushahidi. Vipimo vya haraka vya malaria vilipoanza kuingia, watafiti walitazama hospitali za kaskazini-mashariki mwa Tanzania, wakachapa matokeo yao mwaka 2007 katika British Medical Journal. Miongoni mwa wagonjwa ambao kipimo kilionyesha hawana malaria, zaidi ya nusu walipewa dawa za malaria vilevile. Kipimo kilisema hapana, kalamu ikaandika ndiyo. Sehemu ya jambo hili ni mazoea ya kazi: kwa miaka mingi homa ilikuwa malaria mpaka ithibitike vinginevyo, na tabibu aliyezoea kuitambua kwa kumtazama mgonjwa aliona kijikaratasi kile kinamvunjia heshima. Sehemu nyingine, tuseme kweli, ni sisi. Mzazi amebeba mtoto kilomita nane, anataka atoke na dawa. Akiambiwa ampe maji na amrudishe baada ya siku mbili anatoka analalamika kuwa daktari yule hajui kazi, hata sindano hakuchoma.

Ndipo tunapoona faida kubwa ya chombo kinachoweza kumsimamia tabibu na sisi pia. Katika mikoa ya Mbeya na Morogoro, Taasisi ya Afya Ifakara, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya binadamu na washirika wao wa Uswisi walijaribu mwongozo uitwao ePOCT+ uliowekwa kwenye kishikwambi. Huo haukuwa akili mnemba kwa maana kamili. Ni maswali yaliyopangwa hatua kwa hatua na wataalamu, yakiambatana na vipimo vichache. Unaweza kuuita kaka mkubwa wa hizi programu mpya. Matokeo yaliyochapwa mwaka 2024 yalionyesha kuwa katika vituo vya kawaida watoto wagonjwa walipewa antibiotiki kwa asilimia 70.1, na katika vituo vyenye kishikwambi kwa asilimia 23.2, na watoto hawakudhurika zaidi kwa kukosa dawa hizo. Yaani karibu nusu nzima ya watoto wale walikuwa wakinyweshwa dawa wasiyoihitaji, dawa ambayo kila inapotumiwa ovyo huwafundisha vijidudu ukaidi.

Akina mama wamekuwa wakituuliza: mbona daktari anatazama kishikwambi, kwani hajui? Tunawajibu kwa tabibu Abu Bakr ar-Razi, aliyetenganisha ndui na surua katika risala yake. Maisha yake yote aliandika alichokisoma kwa waliomtangulia na alichokiona kwa wagonjwa wake, na maandishi hayo yalipokusanywa baada ya kufa kwake yakawa kitabu kikubwa cha Al-Hawi. Qanun ya Ibn Sina nayo iliandikwa ili tabibu airejee. Kurejea kitabu hakujawahi kuwa aibu ya tabibu. Aibu ilikuwa kuamini kitabu huku mgonjwa aliyelala mbele yake hajamtazama.

Tumefika sasa kwenye jambo linaloigusa zaidi ofisi yetu ya kamati. Kila unapokaribia mwezi wa Ramadhani tunaletewa maswali ya wagonjwa wa kisukari, wajawazito na wanaonyonyesha. Sasa yameanza kuja na majibu yake mkononi. Mjukuu mmoja alimuulizia bibi yake kwenye simu kama mwenye kisukari anaweza kufunga. Simu ikatoa jibu refu, lenye adabu, kwa Kiswahili safi, kuwa anaweza iwapo atakula daku vizuri na kunywa maji ya kutosha. Simu haikuuliza kama bibi anachoma insulini, na mjukuu hakusema. Imamu akawarudisha hospitali. Tabibu anayelijua faili lake akamkataza, akitaja siku aliyoletwa sukari ikiwa imeshuka, hajitambui.

Wala imamu hakuwarudisha kwa kuwa anachukia simu. Mafakihi walipomruhusu mgonjwa kula mchana wa Ramadhani kwa kauli ya tabibu, walimtaka tabibu huyo awe mjuzi na mwenye kuaminika. Katika maradhi ya mauti, ambayo yanabadilisha hukumu ya zawadi za mgonjwa zisipite theluthi ya mali, wenye madhehebu yetu ya Shafii walitaka ushahidi wa matabibu wawili waadilifu. Uadilifu si wingi wa habari. Ni sifa ya mtu anayejulikana na majirani zake, anayeweza kusema uongo na akauacha kwa kumwogopa Mwenyezi Mungu, na ambaye ushahidi wake unaweza kukataliwa akionekana ana upande. Mashine haina uongo wala ukweli wa namna hiyo, hivyo huwezi kuisifu kwa uadilifu wala kuituhumu kwa ufasiki. Jibu lake linaweza kuwa sahihi, tena sahihi kuliko la tabibu aliyechoka saa tisa usiku. Lakini ushahidi sio, na bibi hawezi kula mchana wala kufunga kwa kauli ambayo hana wa kumuuliza juu yake kesho.

Hapa ndipo tunapopata jibu la mkulima wa Ikungi. Binti na asome. Sehemu ya kazi yake ya kesho itafanywa na mashine, na aikaribishe, kwa kuwa itapunguza makosa na itamfikia mgonjwa wa kijiji ambacho yeye hatafika. Kuhifadhi orodha ndefu za dawa na kiasi chake hakutamfanya awe daktari tena, kama vile kujua kuandika hakumfanyi mtu kuwa karani siku hizi. Kitakachomfanya daktari ni kwamba atamgusa mgonjwa, ataamua, kisha jina lake litakuwa chini ya uamuzi huo. Na katika mkoa huu, ambako mama wa Kiislamu anaweza kuchelewa kwenda hospitali kwa kuona haya ya kuhudumiwa na mwanamume, hatujui mashine itakayoingia nyuma ya pazia la wodi ya wazazi badala ya daktari mwanamke. Tunamwomba jambo moja tu awapo chuoni: kila picha aisome kwanza kwa macho yake, aandike anachokiona, ndipo aitazame alama ya mashine. Yaliyowapata wazoefu wa Poland yatamfika kwa haraka zaidi mtu ambaye hajawahi kuona bila kuonyeshwa.

Hofu yetu juu yake haitokani na kompyuta. Inatokana na ajira. Nchi hii ina vijana waliohitimu fani za afya wanaokaa nyumbani wakisubiri nafasi, na wakati huohuo ina zahanati zenye mtumishi mmoja. Akitokea mtu wa bajeti akasema kwamba kishikwambi kimekwisha pelekwa, basi mtumishi wa pili hahitajiki, kile kiti kitupu tulichokitaja kitahesabiwa kuwa kimekaliwa. Wazee wa vijiji wanaohudhuria vikao vya kamati za afya za zahanati wanayo haki ya kuliuliza jambo hili kabla halijaamuliwa.

Ama kuhusu swali la mdhamini, sheria ya nchi nayo inatazama watu. Sheria ya Wataalamu wa Udaktari, Meno na Afya Shirikishi ya mwaka 2017 inamtaka daktari asajiliwe, na Baraza la Madaktari Tanganyika lina uwezo wa kusikiliza malalamiko dhidi yake na kumfuta katika daftari. Programu ya simu haina namba ya usajili huko. Kwa hiyo tabibu anayefuata ushauri wa mashine bila kuutafakari ameubeba ushauri huo kama wake mwenyewe, na tunadhani mafakihi wangesema vivyo hivyo: kalamu haishitakiwi, hushitakiwa mwandishi. Naye aliyeiuza mashine hali anajua udhaifu wake akauficha, mlango wa ghushi katika biashara uko wazi kwake. Na aliyemwacha tabibu akajitibu kwa jibu la simu, huyo amekuwa tabibu wa nafsi yake bila elimu, na fidia ataitoa mwilini mwake. Akimpa mtoto wake dawa kwa jibu hilo, mambo ni mazito zaidi, kwa sababu mtoto hakutoa idhini.

Limebaki la sitara, ambalo katika familia zetu limeanza kupuuzwa. Watu wanapiga picha cheti cha hospitali, majibu ya vipimo vya uzazi, hata sehemu za mwili zenye vipele, na kuzipeleka kwenye programu hizi au kwenye makundi ya WhatsApp ya ukoo ili wapate ushauri. Tabibu akiona uchi wa mgonjwa huuona kwa dharura na kwa kiasi cha haja, kisha hufunga mdomo wake. Picha ikishaondoka kwenye simu huwezi kuhesabu wangapi wataiona wala itakaa wapi kwa miaka mingapi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeziweka taarifa za afya katika fungu la taarifa nyeti, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi hupokea malalamiko ya waliovunjiwa siri zao, wakiwemo wagonjwa ambao taarifa zao zimesambazwa bila ridhaa. Anayetaka kumwonyesha daktari jeraha la mkewe aliye mbali na hospitali, na apate kwanza idhini ya mke mwenyewe, amtumie daktari huyo peke yake, kisha aifute picha hiyo kwenye simu zote mbili.